Ziba Kamera ya Runinga, Usiitegemee Rimoti
(Mhadhara uliotolewa Ujiji, Kigoma)

Ndugu zangu wa Ujiji, nanyi mliotoka Mwanga na Kibirizi, asalaam aleikum na habari za jioni. Wapo humu walionisikia zamani nikisema hili, nao watanivumilia: kubonyeza rimoti si kuzima runinga janja, ile inayoingia intaneti, nyingine zikiwa na kamera na maikrofoni. Kioo kinakuwa cheusi, lakini ndani umeme unapita na kompyuta yake iko macho ikisubiri amri. Runinga iliyozimika kweli ni ile uliyoichomoa ukutani.

Machi 2017 WikiLeaks, mtandao unaofichua nyaraka za siri, ilitoa nyaraka za CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Humo mlikuwa na programu iitwayo Weeping Angel, iliyotengenezwa kwa ajili ya runinga za Samsung za F8000. Ilipandikizwa kwa flashi. Mwenye nyumba anabonyeza rimoti, kioo kinazima, taa ya mbele inazima, anaamini imelala. Kumbe maikrofoni inarekodi mazungumzo yake. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba taa ndiyo dalili. Taa inatii programu, na programu inamtii aliyeishika. Tena mwaka 2013, kwenye Black Hat, mkutano wa wataalamu wa usalama wa kompyuta kule Las Vegas, watafiti walionesha kuwa kamera ya runinga ya Samsung inaweza kuwashwa kutoka mbali kupitia intaneti. Kampuni ilitoa marekebisho, lakini runinga isiyosasishwa haipati marekebisho yoyote.

Utaniambia, "Mimi nauza dagaa, CIA wanitakie nini?" Hawakutaki. Lakini Vizio, kampuni ya runinga ya Marekani, ilikubali kulipa dola milioni 2.2 mwaka 2017 kwa kukusanya habari za vipindi vilivyotazamwa kwenye runinga milioni 11, bila ridhaa ya wenyewe. Hapo kamera haikuhusika kabisa, na waliochukuliwa habari ni watu wa kawaida kama mimi na wewe. Sasa fikiria sebule zetu: mgeni hutandikiwa humo, mama huvua mtandio humo, watoto hubadilishwa nguo humo. Jicho linatazama hapo hapo!

Basi tuzibe. Lenzi mara nyingi iko katikati ya ukingo wa juu. Nyingine huchomoza, hiyo irudishe ndani. Huna hakika ni tundu lipi? Mulika kwa tochi ya simu kwa ubavu: lenzi hurudisha mng'ao wa bluu au zambarau. Wengi huziba tundu la chini linalopokea rimoti, kisha wanalalamika rimoti imekufa. Wengine huziba kihisi cha mwanga, kioo kikafifia. Chukua solatepu nyeusi ya mafundi umeme, kata sentimita 2, weka kipande kidogo cha karatasi nene katikati upande wa gundi ili gundi isiguse lenzi. Joto la hapa huiyeyusha ikaacha ukungu. Kunja ncha moja upate pa kushika siku ukitaka kuongea na mwanao kwa video. Solatepu ile inayopitisha mwanga haifai.

Tepu haizuii sauti, na hili watu hulisahau. Ingia Mipangilio, Programu, Ruhusa, ondoa maikrofoni na kamera kwa kila programu isiyohitaji. Rimoti yenye kitufe cha sauti nayo ina maikrofoni. Kama unatazama kwa king'amuzi tu, usiiunganishe runinga na Waifai hata kidogo.

Kuhusu sheria nitasema kwa haraka, muda umenibana: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 1, 2023, na Tume yake hupokea malalamiko. Mnaonunua runinga za mtumba, rejesheni mipangilio ya kiwandani kabla ya kuingiza nywila ya Waifai, kwa sababu akaunti ya mwenye runinga wa kwanza inaweza kuwa bado imo ndani.