Vifuu, Njuga na Yodeli: Riders in the Sky Wanavyoifanyia Utani Krismasi

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Wengi wenu mnaijua Krismasi ya Jim Reeves, ile albamu ya 1963: sauti nzito, tulivu, mdomo karibu na maikrofoni. Jioni hii nawaleteeni watundu wa ukoo huohuo wa kantri. Riders in the Sky ni bendi ya Nashville, Marekani. Ilianza 1977, ikapokewa Grand Ole Opry, kipindi maarufu cha muziki wa kantri cha jukwaani na redioni, mwaka 1982. Ranger Doug anapiga gita na kuimba yodeli, ule uimbaji wa kurukaruka kati ya sauti nzito na nyembamba, Too Slim yuko kwenye besi ya kusimama, Woody Paul kwenye fidla, na Joey Miskulin kwenye kodiani. Msidanganywe na makofia yale: Woody Paul ana shahada ya uzamivu kutoka MIT, chuo kikuu maarufu cha teknolojia cha Marekani. Albamu zao za Krismasi nitakazozigusa ni mbili, ya 1992 na ya 1999, na hiyo ya pili inaitwa "Christmas the Cowboy Way".

Kauboi na Krismasi ni marafiki wa zamani. Larry Chittenden alichapisha shairi la dansi ya Krismasi ya makauboi wa Anson, Texas, mwaka 1890. Mwaka 1949 Gene Autry, kauboi wa sinema, akarekodi wimbo wa Rudolph, yule kulungu mwenye pua nyekundu, na tangu hapo kofia pana na Desemba havikuachana. Riders wamerithi kazi hiyo, wakaongeza kicheko.

Sasa tuingie jikoni. Kicheko chao kiko kwenye maneno na sura. Mikono haitanii hata kidogo. Anayetaka kuwaiga huanza na mzaha na kuacha upigaji ulegee, na hapo wasikilizaji humcheka yeye badala ya utani wake.

Tuanze na sauti tatu. Wanakwaya mtanielewa haraka. Kiongozi akiwa kwenye mi, mwimbaji wa tenori anakaa so juu yake, baritoni anakaa do chini. Kodi, yaani noti zinazolia pamoja, ikihamia so-ti-re-fa, kiongozi akashuka re, tenori anashuka fa na baritoni ti. Kwenye karatasi ni rahisi. Kinachoharibika ni baritoni: mstari wake hauna utamu, mara nyingi ni noti ileile mara tatu au nne, kwa hiyo sikio linamvuta kuufuata wimbo. Akishapanda kwa kiongozi, sauti tatu zimebaki mbili. Dawa ni kumfundisha mstari wake peke yake hadi aweze kuuimba bila kuwasikia wenzake.

Yodeli inawasumbua zaidi waliolelewa kwaya, kwa sababu mwalimu wa kwaya hufundisha kuficha ule mpasuko kati ya sauti ya kifua na sauti ya kichwa. Hapa mpasuko ndio bidhaa yenyewe. Anza na mruko wa so ya chini kwenda mi ya juu. Chini tumia "o" au "a", juu "i" au "u", na usiteleze katikati: ruka. Noti ya juu hutoka kwa nguvu, basi mwimbaji arudi nyuma shubiri moja hivi, la sivyo maikrofoni itakwaruza.

Gita la Ranger Doug ni lile la uso uliobinuka. Anapiga kodi fupi, mapigo manne kwa kila kipimo, na mkono wa kushoto unalegea mara tu baada ya pigo ili sauti ifungwe. Besi inashika la kwanza na la tatu. Ukiacha nyuzi zilie, umeziba nafasi ya kodiani, na bendi hii haina ngoma ya kufunika uchafu huo.

Halafu kuna kwato. Mnacheka, lakini hii ni kazi. Vifuu viwili vya nazi, ubao, basi. Sikilizeni nikigonga meza. Farasi akitembea: mapigo manne yaliyolingana. Akienda mchapuko: mawili mawili. Akikimbia mbio za wastani: matatu kisha kimya. Hayo matatu yanakaa vizuri kwenye waltzi; mawili yanafaa wimbo wa mapigo mawili. Ukimchanganya farasi na wimbo, msikilizaji asiyewahi hata kumgusa farasi bado atahisi kuna kitu kimekwenda kombo.

Kengele za sleji, lile gari la kuteleza thelujini, ni njuga tu, zimeshonwa kwenye mkanda wa ngozi. Usizitikise ovyo. Shika mkanda uning'inie wima, kisha piga ngumi iliyoushika kwa ngumi ya pili. Hapo pigo linakuwa moja na safi. Maikrofoni ikae mita moja na nusu au mbili mbali, na zirekodiwe mwisho, kwa kiwango cha chini. Zikiwa karibu sana, ukali wake unazimeza konsonanti za mwimbaji, na utani usiosikika maneno yake haupo.

Too Slim ana ala isiyouzwa dukani: uso wake. Hupiga shavu kwa vidole, na mdomo ndio unaochagua noti. Ukifunguka zaidi noti inapanda, ukifumba inashuka. Jaribuni... taratibu, mama yule pale mbele, shavu ni lako! Huyohuyo ndiye anayemwigiza Sidemeat, mpishi mzee wa kambi ambaye chakula chake kinaogopwa.

Angalizo kuhusu albamu: utani wa jukwaani unasikika mara moja, wa Krismasi unarudiwa kila mwaka. Mazungumzo marefu yawekwe peke yake ili msikilizaji ayaruke. Ndani ya wimbo bakisha mzaha wa mistari miwili tu.

La mwisho ni la kisheria. Riders wana "Deck the Bunkhouse Walls", ambapo ukumbi wa wimbo wa kale "Deck the Halls" umegeuzwa bweni la makauboi. Inawezekana kwa sababu maneno ya Kiingereza ni ya 1862 na tuni yake ni ya kale zaidi. Hayana mwenye kudai. "White Christmas" ya Irving Berlin, ya 1942, ni habari nyingine. Nchini Marekani leseni ya kawaida inakuruhusu kuurekodi wimbo huo ulivyo, ila haikupi ruhusa ya kubadilisha maneno. Hiyo inaombwa kwa wenye haki, kwa maandishi, kabla ya kuingia studio. Na kwa kuwa rekodi za Krismasi hutengenezwa katikati ya mwaka, barua hiyo iandikwe mapema, Januari au Februari.

Karibuni maswali.