Ukitaka Kumtoa Kansela, Njoo na Wako

ZUHURA: Kaka Baraka, Mei 6 mwaka 2025, uliona yale ya bungeni Berlin, Ujerumani, siku ya kumchagua kansela, yaani mkuu wa serikali?

BARAKA: Niliyaona dada, nikadhani ni tangazo la uongo. Yaani Friedrich Merz wa chama cha CDU keshashinda uchaguzi wa Februari, keshakubaliana na chama cha SPD waunde serikali, wana viti 328 na kinachotakiwa ni 316 tu, Merkel mwenyewe, kansela wa zamani, kaja kakaa kule juu kwa wageni, Spika Klöckner anasoma matokeo, 310!

ZUHURA: Eh! Sita hizo.

BARAKA: Sita za kufikia mstari, ila kwenye watu wake mwenyewe wamekosekana 18 kwa uchache. Tangu vita iishe haijawahi kutokea mtu aliyeshakubaliwa na muungano kuanguka raundi ya kwanza. Mchana wakarudia akapata 325 ndo akaenda kuapa.

ZUHURA: Na hao 18 ni kina nani?

BARAKA: Nani akwambie, kura ya siri ile, mtu anaingia kwenye kibanda peke yake na karatasi yake.

ZUHURA: Sasa mi kinachonichanganya, mwananchi wa kawaida hampigii kura kansela?

BARAKA: Hampigii kabisa. Anapiga kura mbili, moja ya mbunge wa jimbo lake moja ya chama, na hiyo ya chama ndo inagawa viti. Chama kikikosa asilimia 5 kwa kawaida kinabaki nje, waulize chama cha BSW, 2025 walipata 4.98 wakabaki nje kwa kura hata 10,000 hazifiki.

ZUHURA: Jamani, hiyo inauma. Na rais je? Maana wanaye, Steinmeier.

BARAKA: Yupo ila hatawali, anasaini sheria, anateua kansela ambaye Bunge limeshamchagua, anapokea wageni. Hiyo ni makusudi, maana enzi za Weimar, Ujerumani ya kabla ya Hitler, rais alikuwa na nguvu kupindukia, na Bunge nalo lilikuwa linaangusha serikali bila kukubaliana nani aje, wanazi na wakomunisti wanachukiana lakini kwenye kuangusha wako pamoja. Tunajua kilichofuata 1933, Hitler akashika nchi.

ZUHURA: Kwa hiyo wakajifunza.

BARAKA: 1949 wakaandika kwenye katiba yao, kipengele cha 67, huwezi kumtoa kansela kwa kusema tu hatumtaki, lazima hapo hapo, kwenye kura hiyo hiyo, umchague wa kukaa badala yake. Mi naona hiki ndo kitu cha maana kuliko vyote kwenye mfumo wao, hizo habari nyingine za asilimia unaweza kuzikuta hata kwingine.

ZUHURA: Imeshatumika?

BARAKA: Kwa Kansela wa nchi, mara mbili tu. 1972 Rainer Barzel, kiongozi wa upinzani, alitaka kumng'oa Kansela Willy Brandt, alihitaji kura 249 akapata 247, na mwaka uliofuata mbunge mmoja wa upande wake Barzel, Julius Steiner, akakiri kulipwa mark 50,000 asimpigie, na baadaye ikajulikana hela zilitoka Ujerumani Mashariki!

ZUHURA: We! Mashariki walimtaka Brandt abaki?

BARAKA: Walimtaka sana, alikuwa anajenga nao mahusiano. Mara ya pili 1982, chama cha FDP, waliokuwa serikalini, wakamkimbia Kansela Helmut Schmidt wakahamia kwa Kohl wa CDU, siku hiyo hiyo Schmidt katoka Kohl kaingia, akakaa miaka 16.

ZUHURA: Lakini Scholz, kansela wa kabla ya Merz, si alianguka kwa kura Desemba 2024?

BARAKA: Ile ni nyingine, ile aliiomba mwenyewe. Alishamfukuza Lindner, waziri wa fedha kutoka FDP, FDP wakaondoka, hana wingi tena, na Bunge haliwezi kujivunja lenyewe, kwa hiyo akaomba kura ya imani akijua atashindwa, 394 wakamkataa, akaenda kwa Steinmeier kumwomba avunje Bunge. Na rais angeweza kukataa, hapo ndo utaona si pambo tu.

ZUHURA: Basi AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia kilichopata viti 152 uchaguzi wa 2025, hawawezi kumfanya chochote Merz?

BARAKA: Peke yao hapana, wapate jina moja ambalo wabunge 316 watalipigia, na vyama vingine vyote vimeshasema havishirikiani nao. Ila SPD wakichoka wakaondoka, Merz atabaki na serikali isiyopitisha bajeti, na hapo kipengele cha 67 hakitamsaidia.