Sikio la Mtoto: Tusikimbilie Kilio Tukaacha Usaha

Wazazi wenzangu, na bibi zetu mliowaleta wajukuu, shikamooni. Nashukuru muuguzi wa zamu kunipa nafasi hii kabla hatujaanza kupima uzito.

Nilipoingia nimemwona mtoto mmoja pale kwenye benchi la dirishani, wa mwaka na miezi kidogo. Anavuta sikio lake la kushoto. Anavuta, anaacha, anacheza na funguo za mama yake, anarudi kuvuta. Huenda mama yake anajiuliza lile swali lililonileta hapa: nimpeleke kwa daktari, au nisubiri kwanza?

Swali hilo si dogo. Kumpeleka ni nauli, ni kibarua cha siku nzima kupotea, ni foleni tangu saa moja asubuhi. Kutompeleka ni kukesha na wasiwasi. Mimi ni tabibu, na sijawahi kumlaumu mzazi aliyekuja nikamkuta mtoto hana tatizo. Wanaoniuma moyo ni wale waliobaki nyumbani kwa sababu mtoto alinyamaza.

Naomba nieleze hilo la kunyamaza, maana ndilo hasa nililokuja nalo.

Ndani ya tundu la sikio kuna ngozi nyembamba, tunaiita ngoma ya sikio. Nyuma ya ngoma kuna chumba kidogo chenye hewa, na kutoka chumba hicho unateremka mrija hadi nyuma ya pua. Kwa sisi watu wazima mrija huo umeinama, majimaji yanashuka. Kwa mtoto mdogo ni mfupi, tena umelala karibu kama sakafu. Akipata mafua unavimba na kuziba, majimaji yanatuama kule ndani, na vijidudu vinapata pa kuzaliana. Ndiyo maana sikio huanza kuuma siku chache baada ya mafua, tena usiku, mtoto akishalazwa. Usaha ukijaa unaisukuma ngoma, na hapo ndipo unaposikia kile kilio kisichobembelezeka. Halafu ngoma inatoboka. Usaha unatoka, ule msukumo unakwisha, maumivu yanapungua ghafla, mtoto analala fofofo.

Nyumbani tunasema: uchafu umetoka, amepona.

Mtoto wa dada yangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Alilia usiku mbili, usiku wa tatu akalala vizuri, asubuhi wakakuta doa la njano kwenye mto. Kila mtu akashusha pumzi. Sikio likaendelea kutoa majimaji kidogo kidogo, wakawa wanafuta kwa ncha ya kanga wakati wa kumwogesha. Mimi nilikuwa kikazi mkoa mwingine. Nilipokuja kumwona, wiki ya sita ilikuwa inapita, na sikio lina harufu. Alipotimiza miaka mitatu maneno yake yalikuwa ya kuhesabu, na watu walishazoea kumwita mkaidi kwa sababu haitiki akiitwa kutoka nyuma. Hakuwa mkaidi. Alikuwa hasikii vizuri. Umri wa kati ya mwaka mmoja na mitatu ndio mtoto anaokota maneno kila siku, na asilolisikia hawezi kuliokota.

Kwa hiyo usaha au majimaji yakionekana sikioni, hata mtoto akiwa anacheza na kula ugali wake, mlete. Usisubiri alie. Na kumbuka siku ulipoyaona mara ya kwanza, andika tarehe kwenye kadi ya kliniki, kwa sababu jambo la kwanza tutakalokuuliza ni siku ngapi. Zikiwa chini ya 14, tunalihesabu kuwa ni uambukizo wa ghafla, na mara nyingi dawa yake ni amoksilini ya kunywa kwa siku tano. Zikifika 14 au zaidi, hilo ni sikio sugu, na tiba inabadilika: kulikausha sikio na kutia matone maalumu yanayoandikwa na mtoa huduma. Kwenda dukani kununua chupa ya pili na ya tatu ya amoksilini kwa sikio la wiki sita ni kumwongezea mtoto dawa isiyomsaidia.

Sasa turudi kwa mtoto wa dirishani. Kuvuta sikio peke yake si ugonjwa. Watoto wa umri huu wanagundua masikio yao kama walivyogundua vidole vya miguu. Wengine huvuta wakisinzia, wengine meno yanapoota. Kama hana homa, anakula, anacheza, analala kama kawaida, mwangalie siku mbili tatu. Na ile nta ya rangi ya asali au kahawia isiyo na harufu, iacheni. Inalinda sikio, na itatoka yenyewe. Vile vijiti vya pamba vinaisukuma ndani zaidi, na vinaweza kutoboa ngoma.

Lakini kuvuta sikio kukiambatana na homa, au kuamka usiku akilia, au kushika ziwa na kuliachia kwa sababu kunyonya kunamuuma, hapo njooni kesho yake asubuhi. Usiku huo mpe parasetamo ya maji, kipimo kifuate uzito wake. Asipirini asipewe kabisa. Mtoto wa chini ya miezi sita mwenye homa asingoje siku ya pili. Wa chini ya miezi miwili asingoje hata kupambazuke.

Na kuna ya kutoka nayo mbio. Pitisha kidole nyuma ya sikio, kwenye mfupa. Nifuateni, kila mmoja amshike wake… hapo, sawasawa. Ukikuta uvimbe unaouma, au sikio moja limesukumwa mbele kuliko jingine, uambukizo umeingia kwenye mfupa, na mfupa huo ni jirani wa ubongo. Hilo ni la hospitali leo hii. Vilevile mtoto akipata degedege, akilegea hata haamki vizuri, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akikakamaa shingo, au uso ukipinda upande mmoja. Na akijitia sikioni ile betri ndogo ya duara ya saa au ya mwanasesere, msisubiri. Inaunguza nyama ndani ya saa chache. Punje ya mahindi au harage haina haraka hiyo, ila msimimine maji, maana litavimba na kukwama.

Bibi pale mbele ameuliza kuhusu mafuta ya vitunguu saumu, na mama mwenzake akaongezea maziwa ya mama. Bibi yangu, najua mmelea wengi. Ila ngoma ikiwa imetoboka, unachomimina kinapita moja kwa moja hadi kile chumba cha ndani. Sikio linalotoa usaha linataka ukavu. Chukua kitambaa safi cha pamba, laini, kisokote kama utambi wa koroboi. Kiingize taratibu, kiache kilowe, kitoe, weka kingine kikavu, mpaka kitoke kikavu. Mara tatu kwa siku. Baada ya hapo usizibe na pamba, acha sikio wazi. Akiogeshwa, maji yasiingie.

Kinga nitaigusa tu. Chanjo ya nimonia, ile ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambayo nchini kwetu Tanzania ilianza kutolewa 2013, inapambana na mmoja wa vijidudu wanaoleta usaha sikioni, kwa hiyo msikose tarehe. Nyonyesheni. Mtoto wa chupa asinyweshwe akiwa amelala chali. Na moshi wa jikoni na wa sigara, mwondoeni mtoto hapo.

Maswali mengine tutaendelea nayo kwenye foleni ya mizani. Mama wa benchi la dirishani, wewe usipange foleni kwanza. Njoo na huyo kijana hapa kwenye mwanga, tupime joto lake, tumwangalie sikio, na uniambie mafua yalimshika lini.