Jogoo wa Elastisiti

REHEMA: Karibuni tena. Leo ni wahadhiri na kufundisha mtandaoni. Kulwa, jogoo hajambo?

KULWA: Nani kakwambia?

REHEMA: Wanafunzi wako. Hebu simulia, na wengine wacheke.

KULWA: Bwana, idara ilitaka kila mhadhiri apakie mhadhara mmoja kwenye Moodle, ule mfumo wa masomo mtandaoni, kabla ya Ijumaa. Ofisini tuko wanne, utarekodi nini? Nikarekodi nyumbani alfajiri, mtaa umetulia. Nafika kwenye elastisiti ya mahitaji, yaani bei ikibadilika wanunuzi wanabadilika kiasi gani, jogoo wa jirani kawika. Nikafuta, nikaanza upya. Palepale!

REHEMA: Anaijua silabasi huyo.

KULWA: Nikapakia hivyohivyo. Sasa nikiuliza swali darasani, wananijibu, “Mwalimu, tumsubiri profesa mwenzako.” Jirani naye kasikia, anauliza jogoo wake ana posho?

REHEMA: Ahaa, posho! Semina za kufundisha mtandaoni mnajaa, posho mnasaini, wiki ya pili kozi imelala. Mtafiti Fred Davis aliandika tangu 1989: mtu huipokea teknolojia akiona ina manufaa na ni rahisi kutumia.

KULWA: Davis hakuishi na jogoo. Moodle yenyewe rahisi, na ni ya bure. Kazi ni kuandaa. Mhadhara wa saa moja umenila usiku kucha, na nikiomba kupanda kuwa mhadhiri mwandamizi naulizwa machapisho. Hakuna anayeniuliza nimerekodi nini.

REHEMA: Hapo sikubali. Mnaogopa kusikilizwa. Darasani ukiteleza, yamepita. Ukirekodi, mkuu wa idara anakurudia mara tatu.

KULWA: Mtu kapakia hadi jogoo, unasema anaogopa?

REHEMA: Umepakia kwa sababu ulikaziwa. Vyuo vya Tanzania vilipofungwa kwa korona Machi 2020 mpaka vinafunguliwa Juni mosi, kulikuwa na wahadhiri wanatuma sauti kwa WhatsApp. Nani aliwapandisha cheo?

KULWA: Na bando walilipiwa na nani? Mfukoni mwao! Unataka hiyo iwe mfumo? Mradi ukiwepo, seva inalipiwa, semina zipo. Mradi ukiisha, mhadhiri abaki na bando lake na vipindi vilevile.

REHEMA: Tulikuwa kwenye cheo, sasa uko kwenye bando. Umehama hoja.

KULWA: Sijahama. Cheo, bando, muda, vyote ni chuo kutaka kazi mpya bila kupunguza ya zamani.

REHEMA: Mpunguziwe vipindi, uone kama kozi zitaamka. Hazitaamka.

KULWA: Tujaribu basi!

REHEMA: Prodyuza ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili, jamani, na tuliahidi mambo manne kwa wahadhiri wapya.

KULWA: La kwanza lilikuwa maikrofoni…

REHEMA: Acha, hayatatosha. Wiki ijayo tuna mgeni, mtu wa bodi ya mikopo, andaeni maswali. Ila umehama hoja.

KULWA: Sijahama, Rehema.