Viendelezi na Programu-jalizi katika Firefox ya Zamani

Ndugu zangu, kompyuta tunazozizungumzia leo ni za aina mbili: zenye Windows 7, ambako kivinjari cha Firefox kimeishia 115 ESR (ESR ni toleo linalohudumiwa kwa muda mrefu), na zenye Windows XP, ambako kimeishia 52.9 ESR. Malalamiko yake yanafanana. Mtu anawasha mashine, anakuta kiendelezi chake cha kuzuia matangazo (programu ndogo iliyoongezwa kwenye Firefox) kimezimwa chenyewe, na onyo linasema hakikuweza kuthibitishwa. Anakifuta ili akisakinishe upya, kinagoma. Mipangilio yake yote imepotea bure, maana kiendelezi chenyewe kilikuwa kizima.

Kilichokufa ni cheti. Tangu Firefox 43, mwishoni mwa 2015, kivinjari hudai sahihi ya kidijitali ya Mozilla, watengenezaji wa Firefox, kwenye kila kiendelezi, na huikagua kwa kutumia cheti mama kilichofungashwa ndani yake. Cheti hicho kiliisha muda tarehe 14 Machi 2025. Firefox iliyo chini ya 128, au chini ya 115.13 kwa upande wa ESR, haina kile kipya. Ukaguzi huu hupita mara moja kila saa 24, kwa hiyo msishangae mashine mbili za chumba kimoja zikiugua kwa kupishana.

Kwa Windows 7 dawa ni nyepesi: fungua menyu ya msaada, ingia sehemu ya kuhusu Firefox, iache ipakue sasisho, kisha uianzishe upya. Viendelezi vitarudi na data yake, ilimradi hukuvifuta. Kwa XP hakuna sasisho la kungoja. Andika about:config kwenye upau wa anwani, tafuta xpinstall.signatures.required, ubofye mara mbili isomeke false. ESR inakubali badiliko hilo. Firefox ya kawaida kuanzia 48 hulipuuza. Ila baada ya hapo msisakinishe kitu kipya kwenye mashine hiyo, maana hakuna tena anayekagua kinachoingia.

Sasa programu-jalizi, ambazo watu wengi huzichanganya na viendelezi. Za aina ya Flash na Java zinahusu mashine za XP tu, kwa kuwa Firefox 115 haiziendeshi tena. Kiendelezi ni faili ya .xpi inayokaa ndani ya folda ya wasifu wako, yaani folda ambamo Firefox huhifadhi mipangilio na data zako. Programu-jalizi kama Flash au Java ni faili ya DLL iliyosakinishwa kwenye Windows yenyewe; Firefox 52 huiazima tu, na kuiendesha kando kupitia plugin-container.exe. Ndiyo maana kwenye about:addons hutaona kitufe cha kuiondoa, bali machaguo matatu: iulize kwanza, iwake daima, isiwake kabisa. Kuiondoa ni kazi ya Paneli ya Udhibiti.

Flash iondoeni bila huruma: Adobe iliacha kuihudumia mwisho wa 2020, na tangu 12 Januari 2021 matoleo yake ya mwisho yanakataa kucheza chochote. Java ina kesi tofauti. Firefox 52 ya kawaida iliikata Machi 2017, lakini 52 ESR ikabaki nayo, na kama kuna mfumo wa ndani wa ofisi unaoitegemea, iwekeni kwenye kuuliza kwanza. OpenH264 ya Cisco, programu-jalizi ya video inayokuja na Firefox yenyewe, msiiguse. Simu za video huitumia.

Kivinjari kikiwa kizito, shikilia Shift huku ukikifungua. Kitaingia hali salama, viendelezi vyote vimelala. Kikichangamka, rudi hali ya kawaida uzime nusu yake: kati ya 12 zima 6, halafu endelea kugawa upande wenye tatizo. Raundi nne zinatosha. Usipompata mkosaji, huenda ni viwili vinavyogombana, au ni uharakishaji wa maunzi (kadi ya michoro kusaidia kuchora kurasa), ambao hali salama nayo huuzima.

Kabla ya lolote kati ya haya, nakili wasifu. Fungua about:support, bofya kitufe cha folda ya wasifu, funga Firefox kabisa, ndipo unakili folda nzima. Kuwa mwangalifu zaidi ukihamisha wasifu wa XP kwenda Windows 7: viendelezi vya mtindo wa zamani havifanyi kazi kuanzia Firefox 57. Na ukishaufungua kwa 115, usiurudishe XP. Kuanzia 67, Firefox hukataa wasifu uliotumiwa na toleo jipya zaidi. 52 haina kinga hiyo, itaufungua kimyakimya na inaweza kuuvuruga.