Jinsi ya Kutengeneza Kihisi cha Mkondo wa Maji kwa Kuiga Sharubu ya Sili

Karibu, mtazamaji. Kifaa kilicho mbele ya kamera ni mrija wa plastiki uliobandikwa kwenye ukanda mwembamba wa chuma, na kazi yake ni kutueleza jinsi maji yanavyopita. Mnyama tunayemwiga ni sili, mamalia wa baharini mwenye sharubu. Mwaka 2001 mtafiti Guido Dehnhardt na wenzake walieleza katika jarida la Science jinsi sili aliyezibwa macho alivyoweza kufuata njia iliyoachwa majini na nyambizi ndogo iliyokwisha kupita, na jinsi alivyoshindwa pale sharubu zake zilipofunikwa.

Wapo wanyama wengine ambao tungeweza kuwaiga. Samaki ana mstari wa pembeni, wenye seli za vinyweleo zilizofunikwa kwa utando laini kama jeli. Nyenje ana vinyweleo kwenye pembe mbili za mkiani ambavyo hutikiswa na upepo wa adui anayemkaribia. Na popo aliyeondolewa vinyweleo vya mabawa, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011, aliruka kwa kasi zaidi na kukata kona pana kuliko kawaida. Mimi humpendelea sili kwa sababu ya kiufundi tu: sharubu yenyewe haina neva, bali hupeleka mtikisiko kwenye shina lake, na kwa hiyo tunaweza kuiacha majini huku umeme wote ukibaki juu, mahali pakavu.

Andaa ukanda wa chuma wenye unene wa takriban milimita 0.3, upana wa milimita 12 na urefu wa sentimita 7. Sentimita 4 zitabanwa kwenye kishikizo, sentimita 2 zitabaki huru, na sentimita 1 ya mwisho itabeba mrija. Unahitaji pia geji mbili za mkazo za omu 350, vikinza viwili vya omu 350, kikuza mawimbi cha HX711, mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) ya aina yoyote unayoifahamu, na mirija miwili ya plastiki yenye kipenyo cha milimita 4. Kukata na kusawazisha kingo sitaonyesha, kwa kuwa kila mwenye tupa anajua.

Sasa tafadhali punguza haraka, kwa sababu hatua hii ndiyo inayoharibu vifaa vingi. Geji ya mkazo ni karatasi ya plastiki yenye waya mwembamba uliokunjwakunjwa, na ukinzani wake hubadilika inapovutwa au kubanwa. Ikiwa haikushikamana na chuma sawasawa, itapima mnyumbuko wa gundi badala ya mnyumbuko wa chuma. Kwaruza katikati ya sehemu huru kwa msasa laini, kisha futa kwa spiriti na kitambaa safi, ukivuta upande mmoja tu bila kurudi nyuma, hadi kitambaa kitoke bila doa. Baada ya hapo usipaguse kwa kidole. Weka geji kwenye utepe wa gundi, ulaze utepe mahali pake, uinue upande mmoja, utie tone moja dogo la supa gluu, kisha ulaze tena huku ukisukuma hewa itoke. Kandamiza kwa dakika 1 nzima. Usiinue ili kuchungulia! Nasema tena, usiinue. Geuza ukanda, ubandike geji ya pili mkabala na ya kwanza, kwa utaratibu uleule na subira ileile, na kabla ya kufanya hivyo hakikisha kwamba hukuacha alama ya kidole upande huo.

Geji hizo mbili pamoja na vikinza viwili zinaunda daraja la Wheatstone, yaani sakiti ya vikinza vinne inayogeuza badiliko dogo la ukinzani kuwa badiliko la volti. Ukanda ukipinda, geji moja inavutwa na nyingine inabanwa, hivyo mabadiliko yao yanaongezeana. Joto likipanda, zote mbili zinabadilika kwa mwelekeo mmoja na athari zake zinafutana. Unganisha nyaya kama mchoro ulio kwenye skrini unavyoonyesha.

Jambo moja kuhusu HX711 halionekani kwa macho. Moduli nyingi huja zikiwa zimepangwa kusoma mara 10 tu kwa sekunde, kasi ambayo kwa mizani inatosha lakini kwa mtikisiko wa maji haifai kabisa. Pini ya 15 ya chipu ndiyo inayoamua kasi hiyo. Ikiwa imeunganishwa na ardhi (upande hasi wa umeme), iinue taratibu kwa ncha ya sindano huku ukiipasha joto, kisha iunganishe na pini ya 16 iliyo jirani yake, na chipu itasoma mara 80 kwa sekunde. Pini ni nyembamba na hukatika ikipindwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo ipinde mara moja tu.

Tusimame kidogo. Tazama grafu ya vipimo vya geji: mstari unapanda polepole ilhali hakuna anayegusa kitu. Hiyo ni taa yangu ya kurekodia, ambayo inapasha upande mmoja wa ukanda kuliko mwingine, na daraja letu linaweza kufuta joto pale tu geji zote mbili zinapolipata kwa usawa. Naisogeza taa. Naam, mstari umetulia, ingawa sasa mkono wangu uko gizani, mtanivumilia.

Mrija wa kwanza tunauacha ukiwa wa mviringo. Wa pili tunautumbukiza ncha yake katika maji ya moto hadi ulainike, kisha tunaubana kwa koleo kuanzia chini kwenda juu, tukibana sana, kisha kidogo, kisha sana, daima kwa upande uleule. Hapa ndipo pananifurahisha kuliko pengine pote, kwa maana mrija ukibanwa zaidi unapungua unene na papo hapo unaongezeka upana, nayo sharubu ya sili ina umbo linalokaribia sana hilo: ni bapa, na vipimo vyake viwili hupishana, kimoja kikikua kingine kikipungua. Ziba ncha za mirija yote miwili kwa gundi ili maji yasiingie.

Bandika mrija wa mviringo, ukiwa umeuelekeza ukanda upinde kuelekea kushoto na kulia kwa mwendo, si mbele na nyuma, kwa sababu visulisuli vinavyozaliwa nyuma ya mrija huusukuma kwa zamu upande huu na upande ule. Weka kifaa kwenye kigari juu ya chombo cha maji chenye urefu unaozidi mita 1, ukivute mita 1 kwa sekunde 5. Idadi ya mitikisiko kwa sekunde ni takriban 0.2 mara kasi, gawanya kwa kipenyo, vyote kwa mita. Kwa mrija huu inatoka 10, na grafu inaonyesha karibu na hapo. Ukiupiga mrija kidole ukiwa majini umesimama, utetemeke kwa kasi iliyo juu sana ya hiyo, la sivyo fupisha sehemu huru ya ukanda.

Badilisha mrija, uweke ule bapa, upana wake ukifuata mwendo. Ukiuweka ukingamana na mkondo utatikisika vibaya, kwa hiyo hakikisha mara mbili. Vuta kwa kasi ileile. Mtikisiko umepungua mno, na hatukugusa waya wala programu: umbo lenyewe limeondoa kelele ya mwendo wetu kabla haijafika kwenye geji, na ndiyo maana nawasihi wanaoanza wasikimbilie vikuza mawimbi vya gharama kabla ya kushughulikia plastiki.

Kilichobaki ni kufunga bomba la kipenyo cha sentimita 2 kwenye kigari, sentimita 10 mbele ya sharubu, kisha kuvuta tena. Visulisuli vya bomba vinaifikia sharubu na mawimbi mapana yanatokea kwenye grafu, takriban 2 kwa sekunde. Zidisha kasi ya kigari kwa 0.2, ugawanye kwa mitikisiko hiyo 2, nawe utapata mita 0.02, yaani unene wa bomba ambalo sharubu haikuligusa.