Kuzoea mashine inayovuta: mazungumzo na waendesha pikipiki, Mbeya

Haya wakuu, shikamooni wakubwa zangu, na nyie wadogo mambo vipi. Kule nyuma mnasikia? Sawa. Aliyenialika alitaka niongelee usalama barabarani, nikamwambia kaka hapana, watu wakisikia usalama wanatoa simu, we niachie kitu kimoja tu, namna mashine kubwa inavyovuta na binadamu anavyoizoea, maana mambo mengine yote yanatokea humo. Naona wengi mlianza na Boxer na TVS za kijiweni na sasa hivi hapo nje kumepaki vitu ambavyo vikiwashwa watoto wa Mwanjelwa wote wanakuja kuangalia.

Tuanze na hesabu, kidogo tu, msikimbie. Boxer ya 150 ina kama hosipawa 12, yani kipimo cha nguvu ya injini, wewe ukiwa juu yake jumla mna kama kilo 200. Mashine ya cc 1000 ya silinda nne, hizi R1 za Yamaha na ZX-10R za Kawasaki za miaka ya karibuni, inakaribia hosipawa 200 na ukipanda mnakuwa kama kilo 275. Fanya mwenyewe kugawanya, kila kilo imepewa nguvu zaidi ya mara kumi ya ile uliyozoea. Afu njoo kwenye gia. Boxer ukiikamua gia zote unaona 90 na kitu, labda mia kama kuna mteremko. R1 gia ya kwanza peke yake ukiiacha inapita 140, yani mwendo wote unaoujua wewe maisha yako yote ya kijiweni umeisha ndani ya gia ya kwanza na bado kuna tano hujazigusa.

Kutoka kusimama mpaka kilometa 100 kwa saa ni sekunde 3 hivi, na hapo injini wala haijachoka, kinachozuia ni tairi la mbele kutaka kunyanyuka. Pikipiki ni fupi, toka tairi mpaka tairi ni kama mita 1.4, na uzito wenu umekaa juu, ukivuta kwa nguvu inayokaribia ile ambayo dunia inakuvuta chini basi mbele inaondoka. Ndo maana cc 600 na cc 1000 mpaka kufika mia hazipishani sana, zote zinagombana na tairi la mbele. Tofauti utaiona toka mia kwenda mia mbili, pale cc 600 inaanza kuhema na mwenzie bado anavuta vilevile. Na hizo cc zenyewe zinadanganya, nisikilizeni hapa kwasababu watu wananunua kwa kuangalia namba. Ninja 650 ya Kawasaki ina silinda mbili na hosipawa 70 hivi hata hazifiki. R6 ya Yamaha ni cc 600, namba ndogo kuliko hiyo, lakini inapita 110. Kijana anakuja ananiambia fundi nimechukua ndogo kwanza nijifunzie, nikiangalia nje naona R6 (kicheko). Na ile nayo ina tabia mbaya zaidi, resi, yani mizunguko ya injini, ikiwa chini imepoa, inakufanya uamini ni mnyama wa kufugwa, ukipita mizunguko elfu nane kwa dakika ndo unakutana nayo.

Sasa mwili. Ndani kabisa ya sikio kuna vijiwe vidogo vya chokaa vimelala juu ya vinyweleo, mashine ikivuta vile vijiwe vinabaki nyuma, vinyweleo vinapinda, ubongo unasoma tumeondoka. Shida ni kwamba ukiinua kichwa nyuma navyo vinapinda hivohivo, kwahiyo ubongo unachanganya kuvutwa mbele na kuinamishwa nyuma, na mtu anayevutwa kwa nguvu mara ya kwanza anaapa tairi la mbele lilinyanyuka na halikunyanyuka. Marubani wanafundishwa kabisa hili, ndege ikiruka usiku gizani kwa nguvu rubani anahisi pua imeenda juu mno, akiufuata mwili wake anaisukuma chini. Jambo la pili, sikio linasoma mabadiliko tu, mwendo wenyewe halisomi. Ukishatulia kwenye 150 sikio limenyamaza, kwake yeye umekaa kwenye kochi sebuleni. Vinavyokuambia unakimbia ni upepo, kelele na macho, na ukiwa na helmeti nzuri umelala nyuma ya kava la mbele umeshaondoa viwili.

Nikae kidogo kwenye mkono wa kulia, maana huo ndo unaoua wageni. Mtu katoka kwenye Boxer, amezoea kukaa wima mikono imenyooka, kufungua mafuta kwake ni kukunja mkono mpaka mwisho kwasababu Boxer usipokunja mpaka mwisho haiendi. Anapanda mashine ya watu, anakunja vilevile. Mashine inaondoka, mwili unabaki nyuma, na kwa vile alikuwa ameshikilia kwa mikono mwili ukirudi nyuma unavuta mikono, mikono ikivutwa kiwiko kinashuka, kiwiko kikishuka kifundo kinazidi kukunja, mafuta yanafunguka zaidi, mashine inazidi kuondoka, mwili unazidi kurudi nyuma. Mmeona ilivyo duara? Mtu yupo pale anataka kufunga na hawezi, kwasababu mkono ule ule wa kufunga ndo unaomshikilia asianguke. Watu waliosimama pembeni wanasema jamaa alikuwa anajionyesha. Wala, jamaa alikuwa anaomba msaada.

Dawa yake iko magotini. Bana tenki kwa mapaja, kaa mbele kwenye siti, egemeza kifua mbele kidogo kabla hujavuta sio baada, mikono iwe laini kabisa kiasi kwamba ukitaka unaweza kupepea viwiko mashine ikiwa inavuta. Kifundo anza nacho kikiwa chini, kiasi kwamba hata ukikunja mpaka ushindwe hujafika mwisho. Vidole viwili viwe juu ya klachi siku zote za mwanzo, maana klachi ndo swichi pekee ambayo duara lile haliigusi, ukiibana injini inaweza kupiga kelele inavyotaka lakini tairi halina habari nayo. Na angalia waya wa mafuta hauna uchezaji mwingi, milimita 2 au 3 inatosha, uchezaji ukiwa mwingi unakunja hamna kitu, hamna kitu, afu ghafla. Hizi mpya hazina waya kabisa, ni umeme, zina modi ya mvua na mfumo wa kuzuia tairi kuteleza, R1 ya 2015 ilikuja na kifaa kinachopima mlalo na mvuto kwa pande sita. Vizuri sana. Lakini nyingi mnazonunua zimetumika Japani miaka hiyo ya 2000 na mwanzoni mwa 2010, zina waya na Mungu.

Sasa tuje kwenye neno kuzoea, hapa ndo nilitaka tufike. Siku za kwanza unaogopa, na ile hofu inakufanya ufungue mafuta kistaarabu. Muda unaenda, shingo inapata nguvu, tumbo halishtuki tena, unarudi kijiweni unasema nishaizoea. Mimi hapo ndo naanza kukuogopea, kwasababu kilichozoea ni tumbo. Mkono haujajifunza kitu, breki hujui inashikia wapi, jicho bado linaangalia mita thelathini mbele kama ulivyokuwa unatafuta abiria. Mi nikisema fulani kaizoea mashine namaanisha nikimwambia toa robo ya mafuta gia ya pili anatoa robo, na nikimwambia funga taratibu kwenye kona anafunga taratibu, maana kufunga kwa kushtuka katikati ya kona uzito unaruka mbele na mashine inakutoa nje ya mstari wako. Hofu kuisha ni jambo lingine kabisa na linakuja lenyewe, hulipwi kwa hilo.

Macho nayo yanazoea vibaya. Umetoka Makambako unatembea 140 muda mrefu, unaingia kijijini unapunguza mpaka 80, unahisi kama unasukuma toroli, unashangaa trafiki na tochi yake ya kupima mwendo anakusimamisha kwenye kibao cha 50. Hukuwa mkorofi, macho yako yalipimwa upya bila wewe kujua.

Na kuna wengine hawajaizoea mashine yako, hao ndo siku zote tunawasahau. Mama amesimama Igawa anataka kuvuka, barabara ina upana wa mita 7 hivi, akitembea kawaida na ndoo yake anahitaji kama sekunde 6. Anaangalia kulia anaona taa moja, mita mia. Maisha yake yote taa moja ni bodaboda, na bodaboda kwenye 60 inatumia sekunde 6 kumaliza hiyo mita mia, kwahiyo hesabu yake iko sahihi, anavuka, kama alivyovuka jana. Wewe uko 120. Unamaliza mita mia kwa sekunde 3, unamkuta katikati. Pikipiki ukiitazama kwa mbele ni nyembamba, jicho halioni inavyokua mpaka imefika karibu sana, kwahiyo hata akiangalia mara mbili hawezi kujua. Mnaniambia watu wa vijijini hawajui kuvuka. Wanajua sana, wanavuka kwa hesabu ya Boxer, aliyekuja na hesabu nyingine ni wewe. Na dereva wa lori anayetaka kukata kulia kuingia sheli anafanya hesabu ile ile.

Kusimama nako. Kwenye 100 unakula mita 28 kila sekunde, kwahiyo sekunde ya kushtuka imeondoka na mita 28, afu na breki nzuri lami kavu unaongeza kama 55. Ni zaidi ya mita 80. Kwenye 140 jumla inakaribia 150, maana mwendo ukizidi kidogo umbali wa breki unazidi sana. Na hapa kuna dhambi ya kijiweni, breki ya mbele. Tumefundishana miaka yote kwamba breki ya mbele inapindua, mtu anakanyaga ya nyuma tu. Kwenye mashine kubwa ukishika breki uzito wote unahamia mbele, nyuma kunakuwa kwepesi, ukitegemea ya nyuma peke yake unaburuta tairi unapiga kelele na husimami. Ya mbele unaibana kwa hatua, kwanza uzito uhamie, afu ndo unaongeza. Kila ukifanya zoezi moja la kuvuta fanya moja la kusimama, usipofanya hivo umejifunza nusu ya pikipiki.

Kuna kitu cha kwetu huku juu pia. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, injini ya kawaida isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwahiyo mashine uliyoizoea hapa imepungukiwa kama asilimia 15 na zaidi. Unashuka mlima Kitonga, ukifika Ruaha Mbuyuni kuna joto na hewa nzito, mashine inakurudishia chake, mkono ule ule, robo ile ile, inatoka tofauti. Watu wanadhani wamewekewa petroli nzuri Iringa (kicheko). Afu wanaingia Mikumi na hiyo furaha, kwenye matuta na nyani na tembo.

Wenzetu Ulaya sheria inamlazimisha mtu kusubiri. Kuna leseni ya cc 125, kuna ya kati isiyozidi kilowati 35, hosipawa 47 hivi, unakaa nayo miaka miwili ndo unaruhusiwa kubwa, au usubiri ufike miaka 24. Japani zinakotoka hizi zenu nao wametenganisha, kuna leseni inaishia cc 400 na nyingine ya kubwa. Huku kwetu kinachokutenganisha na hosipawa 200 ni hela ya bandarini tu, kwahiyo hiyo ngazi ya katikati jijengee mwenyewe.

Maswali. Dada pale, ndio... anauliza mgeni aanze na ipi. Silinda mbili, cc 300 mpaka 650, ukiweza 400 ni tamu sana, usisikilize wanaosema utaichoka, ukiichoka utaiuza.

Kaka wa kofia anauliza kuhusu kubadilisha spoketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba mnyororo, ili ivute zaidi. Inavuta ndio, spoketi ndogo ya mbele inavuta, lakini nyingi zinasomea spidi kwenye gia boksi, kwahiyo dashibodi inaanza kukudanganya, unaona 120 na wewe uko chini ya hapo. Na we kwanza ile uliyonayo unaitumia yote? Basi acha.

Tairi, nani kauliza tairi? Swali zuri kuliko yote. Pembeni ya tairi tafuta neno DOT, mwishoni kuna namba nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ukiona 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Linaweza kuwa na kashata zote, yale maua ya juu ya tairi, linang'aa, na mpira umeshakuwa mgumu, ukivuta asubuhi ya baridi ya huku kwetu nyuma inakuhama bila kuaga. Mwenye mashine aje nje sasa hivi tukasome namba moja moja, na atakayekutwa na tairi lenye umri wa mwanae wa shule ya msingi asiwashe, tutaita Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, imbebe.